Mgonjwa Wako Haongei? Usiwaache Wakisie

Hospitali zetu zinaendeshwa kwa mdomo na masikio. Jina linaitwa mlangoni mara moja au mbili. Usipoitika, faili linarudi chini ya rundo. Daktari anauliza "unaumwa wapi?" huku akiandika. Kwenye dirisha la dawa unaambiwa "hiki kutwa mara tatu, hiki kimoja usiku," na aliye nyuma yako ameshasogea. Mwenye masikio mazima na ulimi mwepesi anatoka hapo na maswali. Sasa mfikirie kiziwi. Mfikirie mzee aliyepigwa na kiharusi maneno yakagoma kutoka, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kijana mwenye usonji, mtu wa kigugumizi kikali, au mgonjwa aliyewekewa mpira kooni ili mashine imsaidie kupumua.

Hatari yao imepimwa. Watafiti wa Kanada walipitia mafaili ya wagonjwa katika hospitali 20 za jimbo la Quebec, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba wagonjwa wenye matatizo ya mawasiliano walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kudhurika kwa mambo ambayo yangezuilika. Sehemu kubwa ya madhara hayo ilihusu dawa. Hiyo ni nchi yenye wauguzi wengi na mafaili yaliyopangwa vizuri. Kwetu, nesi mmoja wa zamu ya usiku anaweza kuwa na wodi nzima peke yake.

Vidokezo hivi ni vya ndugu wa mgonjwa na vya mgonjwa mwenyewe. Ukiwa na haraka, shika cha kwanza na cha pili.

1. Andika karatasi moja, leo, kabla mtu hajaugua

Ukurasa mmoja, maandishi makubwa, Kiswahili cha kawaida. Juu kabisa weka jina kamili kama lilivyo kwenye kadi ya bima au kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na namba za simu za watu wawili. Kisha andika anavyowasiliana: "Ni kiziwi, anatumia lugha ya alama, Kiswahili cha kusoma anakijua kidogo." Au: "Anasikia na kuelewa kila kitu, ila hawezi kutamka. Tafadhali ongea naye kama mtu mzima." Kisha ndiyo yake ikoje na hapana yake ikoje. Akiumwa anafanya nini. Dawa anazotumia na dozi zake. Dawa zinazomdhuru. Anakulaje. Kinachomwogopesha. Kinachomtuliza.

Ipeleke steshenari uifanyie lamineshini, utoe na nakala. Moja ikae ndani ya faili, moja ibandikwe juu ya kitanda, na picha yake ikae kwenye simu yako. Wauguzi hubadilishana zamu, na anayeingia usiku hakusikia uliyomweleza wa asubuhi. Uingereza wana karatasi ya namna hii kwa wagonjwa wenye ulemavu wa akili na wanaiita pasipoti ya hospitali. Huhitaji kungoja serikali ikuchapishie, kalamu unayo.

2. Hakikisheni ndiyo na hapana zinajulikana

Hapa tukae kidogo. Mgonjwa mwenye ndiyo na hapana za kuaminika anaweza kukataa dawa isiyo yake, kusema ana kiu, kukubali au kugomea upasuaji. Asiyekuwa nazo, watu wanamwamulia.

Inaweza kuwa kufumba macho mara moja au mbili, kidole gumba juu au chini, kubana mkono, kuinua nyusi, kuangalia dirishani au kuangalia mlangoni. Chochote anachokimudu hata akiwa amechoka. Muhimu ni kwamba kila anayemgusa akijue. Mwambie nesi hivi: "Sista, mzee wetu haongei, lakini anaelewa. Akikubali anafumba macho mara moja, akikataa anageuza uso. Ukimuuliza, mpe nafasi kidogo, atakujibu."

Kisha mjaribu kwa mambo ambayo jibu lake mnalijua. "Jina lako ni Juma?" "Hapa ni sokoni?" Fanya hivyo kila siku, maana baada ya kiharusi baadhi ya wagonjwa husema "ndiyo" wakiwa na maana ya "hapana", na kesho yake wakasema sawasawa. Kama majibu yanayumba, andikeni kwenye faili kwamba yanayumba, ili mtu asije akachukua "ndiyo" moja ya saa nane usiku akaifanya ridhaa.

Uliza jambo moja tu kwa mara moja. "Unataka maji au uji, na nikugeuze?" ni maswali matatu, na hakuna kichwa kinachoweza kuyajibu yote kwa kutikiswa mara moja. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Mtu mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na jibu tayari huku mwili wake unachelewa kulitoa, na tukiuliza tena tunamrudisha mwanzo.

Jihadhari pia na kichwa kinachotikiswa kwa adabu. Kiziwi aliyechoka kuambiwa "hebu subiri" anaweza kuitikia kila kitu ili mazungumzo yaishe. Daktari akimaliza kueleza, aombe mgonjwa amweleze yeye alichoelewa, kwa alama, kwa maandishi au kwa kuonyesha.

Anayejua kusoma ana uwezo mkubwa zaidi ya ndiyo na hapana. Mwanafizikia Stephen Hawking alipougua nimonia mwaka 1985 alitobolewa koo ili apumue, na sauti yake ikaisha hapohapo. Kabla hajapata kompyuta ya kumsemea, aliandika maneno kwa kuinua nyusi pale mtu alipogusa herufi sahihi kwenye kadi. Kiswahili kinaturahisishia kazi hiyo, kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu. Chora kadi yenye safu mbili: juu konsonanti, chini A, E, I, O, U. Pitisha kidole juu, akubali. Pitisha chini, akubali. "Maji" imekwisha kwa kukubali mara nne. Q na X usiziweke, zinapoteza muda. Pembeni ongeza picha za mambo ya kila saa: maumivu, choo, kiu, baridi, joto, nigeuze, siwezi kupumua, mwite fulani.

3. Maumivu yana uso, yana miguu

Watoto wasiosema hupimwa maumivu kwa mambo matano: uso, miguu, mwili unavyotulia, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 2, jumla 10. Muulize muuguzi kama wanakitumia kipimo hicho. Lakini mwenye elimu kubwa zaidi hapa ni wewe uliyemlea. Wapo wanaolia wakiumwa na wapo wanaonyamaza kabisa. Wapo wanaojipiga kichwa, wapo wanaoacha kula. Sema waziwazi: "Hivi sivyo alivyo. Tangu juzi hachezi na hataki kuguswa tumbo."

Neno la hatari wodini ni "ndivyo walivyo hawa." Kijana mwenye usonji akianza kujiuma mkono, watu wanaulaumu usonji na kufunga faili, kumbe ni jino, sikio, mkojo au choo kigumu cha wiki nzima. Badiliko lolote la ghafla lina sababu, na mnayo haki ya kuomba itafutwe kabla ya kumpa dawa ya kumtuliza.

4. Mkono wa dripu

Anayeandika au kutumia lugha ya alama anaongea kwa mikono. Kabla ya kanula kuingia, omba iwekwe mkono asioutumia sana, na ikiwezekana mbali na kiwiko na kifundo. Ikibidi mikono ifungwe ili asichomoe mipira, uliza kuna njia gani nyingine, na kama hakuna, ifunguliwe mara ngapi na nani atakaa naye wakati huo. Kumfunga kiziwi mikono yote miwili ni kumziba mdomo.

5. Taa, barakoa, miwani, shimesikio

Barakoa inaficha midomo ambayo wengine wanaisoma. Pale usafi unaporuhusu, muuguzi asimame hatua chache nyuma aishushe aongee, au aandike. Taa ya wodi ikizimwa, mazungumzo ya kiziwi yamezimwa pia. Beba tochi ndogo. Shimesikio, miwani na meno ya bandia viwe na kikopo chenye jina, maana hupotea kwenye mashuka yanayopelekwa kufuliwa.

Akienda chumba cha upasuaji, omba shimesikio litolewe mwisho kabisa, baada ya kuelezwa kila kitu, na lirudishwe mara tu anapozinduka kutoka nusukaputi. Kwenye mashine ya MRI litatoka kabla, kwa sababu ya sumaku. Basi kubalianeni mapema: nikigusa mguu mara moja tulia, mara mbili tumemaliza.

6. Foleni

Kiziwi hawezi kusikia jina lake likiitwa, na kigugumizi kinaweza kumfanya mtu achelewe kuitika hadi apitwe. Ukifika tu, nenda kwa nesi wa mapokezi na karatasi yako. Omba aje akuguse bega au akuonyeshe namba, kisha kaa anapokuona. Kuna mtu ameshinda benchi tangu alfajiri akaambiwa saa tisa kwamba "aliitwa, hakuwepo." Ukimwona jirani wa hali hiyo, msaidie kusikiliza.

7. Mkalimani asiwe mtoto wake

Ni jambo la kawaida sana kwetu: mama kiziwi anaingia kliniki, binti yake wa miaka tisa anatafsiri. Sasa daktari anauliza kuhusu hedhi, mimba zilizoharibika, majibu ya kipimo cha Virusi vya Ukimwi. Mtoto ataruka asiyoyaelewa na kulainisha yanayomtisha. Mume naye, au wifi, au jirani wa kanisani, anaweza kujibu kwa niaba yake kabla swali halijamfikia.

Omba mkalimani wa lugha ya alama. Tanzania, Chama cha Viziwi, CHAVITA, ni mahali pa kuanzia kuulizia. Kenya kuna chama cha viziwi kiitwacho KNAD. Andika namba ya mkalimani mmoja au wawili kabla ya siku ya dharura, na kama hawezi kufika, simu ya video yenye bando la kutosha huokoa hali. Msidhani kalamu na karatasi vinatosha kwa kila kiziwi. Wengi lugha yao ya kwanza ni ya alama, na maelezo ya dawa yaliyoandikwa kwa Kiswahili kigumu huwapita.

Hapa huombi hisani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine inayomfaa. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, Kenya mwaka 2008 na Tanzania 2009, na ibara yake ya 25 inataka matibabu yatolewe kwa ridhaa ya mtu mwenyewe aliyeelezwa akaelewa. Kwa hiyo fomu ya upasuaji isiwekwe dole gumba haraka haraka huku mwenye mwili anashangaa. Mama anayeandaliwa kufungwa kizazi na hajui ni nini kinachofungwa amedhulumiwa, hata kama kila karatasi ina sahihi.

Kwa mjamzito kiziwi, miezi ya kliniki itumike kupanga alama za leba: sukuma, acha, pumua, mtoto anatoka. Chumba cha kujifungulia si mahali pa kuanza kufundishana.

8. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kila mara

Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu la kichwa kimakosa. Aliyehitaji upasuaji huo alikuwa mtu mwingine. Vibandiko vya utambulisho vilikuwa vimechanganywa, na kosa likajulikana madaktari walipokosa damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta. Likitokea hospitali kubwa kiasi hicho, linaweza kutokea popote.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa 2008, inaanza kwa kumtaka mgonjwa athibitishe yeye ni nani, anafanyiwa nini na upande gani, kabla ya dawa ya usingizi. Asiyeweza kutamka athibitishe kwa ndiyo yake ile mliyoiandika, na wewe uwepo. Kama wodi haina bangili za majina, omba kipande cha plasta mkononi chenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kitanda haimtambulishi mtu, kwa sababu wagonjwa huhamishwa vitanda usiku. Kabla ya kila sindano na kila kidonge, uliza kwa upole: "Hii ni ya nani, sista, na ni ya nini?" Wauguzi wazuri hawachukii swali hilo.

9. Kabla ya uji, uliza kuhusu kumeza

Misuli ya kusema na ya kumeza inaishi nyumba moja. Aliyepoteza usemi kwa kiharusi mara nyingi kumeza pia kumeharibika, na uji mwepesi ulioletwa kwa mapenzi unaweza kupita njia ya hewa ukazaa nimonia. Asipewe chochote, hata maji, mpaka mhudumu wa afya apime kama anameza salama. Wanaosomea tiba ya usemi ndio hao hao wanaosomea kumeza, na kwetu ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, cha kwanza Afrika Mashariki. Kwa hiyo mara nyingi atakayempima ni daktari au nesi wa wodi. Muombe.

Akiruhusiwa kula, aketi wima, kijiko kidogo, subiri ameze ndipo ulete kingine, na abaki ameketi nusu saa baadaye. Akikohoa, sauti ikilowana, au macho yakitoa machozi wakati wa kula, acha na uite mtu.

10. Usiku ataitaje?

Wodi nyingi hazina kitufe cha kumwitia nesi, na mgonjwa asiye na sauti hawezi kupiga kelele. Omba kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi. Mwachie kengele ndogo au filimbi, au chupa ya plastiki yenye punje za mahindi anayoweza kuigonga kitandani. Kisha omba kwa mkuu wa wodi ruhusa ya kulala naye, hata kama muda wa kutazama wagonjwa umeisha. Ueleze hivi: mimi ndiye sauti yake. Wengi wakielezwa hivyo hukubali.

11. Dawa za kwenda nazo nyumbani

Chora jua la asubuhi, jua la mchana na mwezi kwenye kila pakiti, na mgonjwa mwenyewe aonyeshe atakunywa ipi lini. Kama hawezi kumeza vidonge, usivisage kabla ya kuuliza mfamasia. Vingine vimetengenezwa kutoa dawa polepole, na vikisagwa dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo. Dawa za kifafa zisirukwe hata siku moja kwa sababu ya kulazwa.

Na hili watu wengi hawaambiwi: sindano kama gentamicin, amikacin na streptomycin zinaweza kuharibu usikivu. Zinaokoa maisha na kuna wakati ambapo ndizo zinazofaa, lakini daktari anapaswa kujua mapema kwamba mgonjwa ana usikivu uliobaki kidogo na anautegemea. Masikio yakianza kuvuma au kizunguzungu kikija, asingoje dozi iishe ndipo aseme.

12. Wakikuuliza wewe, mgeukie yeye

"Anakula?" "Anaumwa?" "Anataka kulazwa?" Maswali yote yanaelekezwa kwako huku mgonjwa amelala katikati yenu. Mgeukie, mrudishie swali, mngojee, kisha toa jibu lake. Daktari akiona hivyo mara mbili, mara ya tatu ataanza kuuliza mwenyewe.

13. Mambo yakiharibika, yaandike

Anza na muuguzi kiongozi wa wodi siku hiyohiyo, kisha afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kisha mganga mfawidhi. Andika tarehe, saa, kilichofanyika na kilichotakiwa kufanyika, ubaki na nakala. Malalamiko ya mdomo husahaulika zamu ikibadilika.

Fanya hivyohivyo kwa mazuri. Nesi aliyejifunza alama tatu ili amsalimie mgonjwa wako, daktari aliyevuta kiti akangoja jibu, mtaje kwa jina kwenye sanduku la maoni. Viongozi wa hospitali wakisoma kwamba familia zinayaona mambo haya, watapata sababu ya kuwafundisha na wengine.